Ujira wa Kijana Mchezaji

Kijana anapoichezea timu ya chuo chake, na watu maelfu wakalipa kiingilio ili wamtazame, je, ana haki ya kudai fungu katika fedha hiyo? Au yamtosha masomo, chakula na kitanda anavyopewa bure? Jambo hili limebishaniwa sana Marekani kwa habari ya mpira wa kikapu, na huenda msomaji wa Tabora akadhani kwamba halimhusu. Lamhusu. Vijana wetu warefu hutafutwa, na wazazi wao ndio waombwao ruhusa.

Tena Unyamwezi ni nchi iliyolijua swali la ujira zamani. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba kijana wa huku asiyepata kufika pwani hakuhesabiwa bado kuwa mwanamume kamili. Basi alijitwika mzigo wa karibu frasila mbili, akashika njia kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi ipatayo mitatu. Safari ile ilimpa fahari. Alijifunza njia, lugha na desturi za watu. Lakini hakukubali kuambiwa kwamba mafunzo hayo ndiyo malipo yake. Alipatana kwanza ujira wake, kwa nguo, na juu yake akapewa posho ya njiani. Posho ikipunguzwa, wapagazi walitua mizigo, au walitoroka usiku.

Nguo ile iliitwa merikani kwa kuwa ilifumwa Marekani, ikaletwa Unguja kwa merikebu za Salem. Nazo pembe walizochukua wapagazi, nyingi zilikwenda kuchongwa vibao vya piano katika viwanda vya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut.

Ni katika jimbo hilohilo Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2006 hata 2009. Sheria za michezo ya vyuo siku zile zilimruhusu kupewa masomo, malazi na chakula, zikamkataza mshahara. Februari 2009 kocha wake, Jim Calhoun, aliulizwa mbele ya waandishi juu ya mshahara wake uliokuwa kama dola milioni 1.6 kwa mwaka. Alijibu kwamba hatarudisha hata senti moja, na kwamba timu yake hukiletea chuo dola milioni 12 kwa mwaka. Hatumlaumu kwa kupokea mshahara. Lakini ikiwa timu huleta milioni 12, ni jasho la nani lizileta?

Watetezi wa desturi ile husema kwamba elimu ni bora kuliko fedha, na kwamba fedha humharibu kijana. Neno hili lina kweli ndani yake. Tumewaona waliopotea kwa kupata vingi upesi. Ila hatujasikia mtu akishauri kocha apunguziwe mshahara asije akaharibika. Wengine husema: alikubali mwenyewe, alitia sahihi. Hoja hiyo Papa Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, iwapo mfanyakazi amekubali kidogo kwa kusukumwa na shida.

Je, heri basi kijana aache chuo, aende ligi ndogo yenye mshahara? Thabeet alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa NBA mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Na Februari 2010 alipelekwa kwa muda kuichezea Dakota Wizards ya ligi ndogo. Yeye mkataba wake mkubwa ulibaki. Wenzake wengi pale walicheza kwa fedha isiyofika dola 30,000 kwa msimu, bila darasa lolote. Mwaka 2020 ligi hiyo iliunda timu ya Ignite kwa vijana waliokataa njia ya chuo, ikawalipa vizuri, na wengine vizuri mno. Mwaka 2024 timu hiyo ilifungwa. Vyuo vilikuwa vimeanza kushindania vijana wale wale: tangu Julai 2021 mchezaji aliruhusiwa kupokea fedha kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kumlipa.

Sisi twaona kwamba mabadiliko hayo ni ya haki, ingawa yamechelewa. Masomo na ujira havipigani, kama vile posho ya mpagazi haikumfutia nguo yake. Anayemtaka kijana achague kimoja hupunguza gharama zake mwenyewe.

Hata hivyo wazazi wa nchi hii walijue jambo moja. Kijana wetu huingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo hubana sana kazi za ujira. Aweza kuketi benchi moja na Mmarekani anayelipwa, naye asithubutu kupokea kitu kwa hofu ya kurudishwa kwao. Basi mgeni ajaye nyumbani kumwomba mtoto aulizwe hilo kwanza, kabla ya habari za viwanja na viatu. Aulizwe pia, goti likiumia mwaka wa kwanza, ni nani atakayelipa ada ya mwaka wa pili. Na jibu liandikwe.