Mgonjwa Haulizwi Uji?

Wahenga wetu walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hii ina huruma ndani yake. Mtu aliyelala kwa homa ukimwuliza kama atakunywa uji, aghalabu atakataa, ama kwa sababu mdomo wake ni mchungu, ama kwa haya ya kuwasumbua wenye nyumba. Basi usimwulize. Upike, umpelekee, umwinue, umnyweshe. Sina ugomvi na wahenga. Swali langu ni moja tu: methali inayofaa kwa homa ya siku tatu, je, inafaa pia kwa ugonjwa wa miaka ishirini?

Nauliza kwa sababu ninaye kaka yangu, tumbo moja, mwenye maradhi ya akili, ambaye kwa miaka mingi anaishi katika nyumba ya kutunzia watu wazima wenye maradhi kama yake. Nyumba yenyewe sitaitaja, kwani nia yangu si kumshtaki mtu. Wala hapana dhuluma kubwa ya kushtaki. Chakula kipo, na kwa wakati wake. Dawa hutolewa. Sakafu hupigwa deki kila asubuhi. Sijapata kusikia kwamba mgonjwa amepigwa au amefungwa kamba. Ndugu msomaji, ukikumbuka jinsi wagonjwa wengi wa akili wanavyofungiwa vyumbani au kuachwa wazurure masokoni, utasema nyumba hiyo ni neema, nami nitakuitikia.

Lakini kaka yangu, kabla ya kuugua, alikuwa fundi cherehani. Suruali iliyotoka mkononi mwake ulikuwa huwezi kuiona mshono wake. Katika nyumba ile, kwa miaka ya mwanzo, nguo zote zilifuliwa pamoja na kurundikwa pamoja, na kila mtu alivaa iliyomwangukia. Nilimkuta fundi wa suruali amevaa suruali ya mtu mnene, ameifunga kiunoni kwa kipande cha kamba. Nilipomwuliza kama anakosa kitu, alinijibu taratibu, "Hapa sikosi kitu. Ila sina changu."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza utunzaji bora ni nini hasa. Tukienda kukagua nyumba kama hizo, tunatazama usafi, jiko, vitanda, kabati la dawa. Ni lazima tuvitazame, maana pasipo hivyo hapana utunzaji. Hata hivyo, mfugaji mwema naye huyafanya hayo yote zizini: husafisha, hulisha, huita daktari wa mifugo. Kama hayo ndiyo yote, basi tofauti ya mtu na ng'ombe iko wapi? Mimi naona iko katika kuulizwa. Ng'ombe hupewa, mtu huulizwa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Utamwulizaje mtu anayesikia sauti ambazo wengine hatuzisikii? Akikataa dawa, tumwache? Akitaka kutoka usiku wa manane, tumfungulie mlango? Pingamizi hili ni la kweli, wala halijibiwi kwa maneno matamu. Zipo siku ambazo kaka yangu hawezi kujiamulia, na siku hizo nataka aliye karibu naye aamue kwa niaba yake. Lakini kosa letu ni kudhani kwamba aliyepotewa na jambo moja amepotewa na yote. Mtu aweza asijue mwaka huu ni wa ngapi, lakini anajua kama anapenda chai yake iwe na sukari. Na aliyekuwa hawezi kuamua mwezi uliopita, huenda leo anaweza.

Kwa hiyo nasema uamuzi wa mgonjwa, pale tunapouchukua, tunauchukua kama amana. Amana si mali ya aliyeishika. Huitunza, na mwenyewe akija, humrudishia, hata kama mwenyewe amesahau kudai. Mlezi asiyerudisha amana, ajapokuwa mpole kiasi gani, amechukua kisicho chake.

Jambo hili nilifundishwa na mhudumu mmoja wa nyumba ile ile, mama wa makamo, aliyefika baadaye. Yeye ndiye aliyeandika majina kwenye nguo kwa uzi. Yeye ndiye aliyemwombea kaka kibali cha kushona viraka vya mashuka, akakaa naye kila aliposhika mkasi. Hali ya kaka ilipobadilika tena, mama yule alikuwa wa kwanza kuuondoa mkasi. Lakini aliufunga kitambaani mbele ya macho yake, akamwambia, "Kaka, huu ni wako. Ninakuwekea. Ukipata nafuu utanidai." Baada ya majuma matatu kaka alimdai, naye akampa. Wengine waliona anacheza na hatari. Mimi naona ni yeye peke yake aliyeelewa hatari mbili: ile ya mkasi, na ile ya mtu kukaa miaka bila cha kudai.

Wala jambo hili si geni duniani. Katika mji wa Geel nchini Ubelgiji, tangu Zama za Kati familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili waishi nao majumbani. Mwaka 1938 wagonjwa hao walizidi 3,000. Kwa desturi ya huko, familia haikuambiwa jina la ugonjwa wa mgeni wao, ikabidi wamjue kwa anachopenda na anachochukia. Hapa kwetu, huko Lutindi katika milima ya Usambara, makao yaliyofunguliwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani yaligeuka baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi za shamba na za mikono zikawa sehemu ya tiba. Naam, kazi nayo inaweza kuwa utumwa ikiwa mtu haulizwi. Akiulizwa, yaweza kumrudishia jina lake la fundi.

Hata sheria za mataifa zimefika huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unawagusa pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, nao unatambua haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. Lakini mkataba haumwulizi mtu kuhusu sukari ya chai. Hilo hufanywa na mhudumu, na mhudumu aliyeachiwa watu thelathini peke yake usiku hana nafasi ya kumwuliza yeyote. Atawapa wote kwa pamoja, atawalaza wote kwa pamoja, wala si kwa sababu ana roho mbaya. Tukitaka wagonjwa waulizwe, hatuna budi kuwalipa wa kuwauliza, na wawe wa kutosha. Tusipofanya hivyo, tusimtupie lawama anayesukuma toroli la uji.

Nasi ndugu tumo. Wapo walioletwa, wakapata nafuu, wakangoja jamaa wa kuwachukua, na jamaa hawakutokea. Hiyo nayo ni amana iliyoliwa.

Basi ukienda kumtazama mtu wako, sifu usafi, shukuru kwa chakula, kisha umwulize yeye mwenyewe: juma hili umeulizwa nini? Kama hana la kujibu, jua kuna kazi bado, hata kama sakafu inang'aa.