Ghala la Yusufu Lilikuwa la Nani?

Masomo: Mwanzo 41:46-57, Matendo ya Mitume 11:27-30, 2 Wakorintho 8:13-21



Liko neno lisemwalo sana katika nchi yetu, sokoni na barazani, hata nje ya kanisa watu watokapo ibadani. Nalo ni hili: Kwa nini Serikali itoe mali kuwasaidia watu wa nchi nyingine, hali wako watu wetu wenyewe waliopatwa na maafa? Neno hili si la kupuuzwa, maana wasemao ni watu walipao kodi na kulima kwa jasho. Tena hapa Songea lina uzito wake, kwa kuwa mkoa wetu wa Ruvuma ni mmojawapo wa mikoa iongozayo kwa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa. Unga uvukao mpaka waweza kuwa umetoka katika shamba la mmoja wetu. Basi na tulipime neno hili, kwanza kwa habari za kweli, kisha kwa Maandiko.

Katika mwezi wa Machi mwaka wa 2023 tufani iliyoitwa Freddy iliipiga nchi ya Malawi, hasa upande wa kusini penye mji wa Blantyre. Milima ilimeguka, mito ilifurika. Watu zaidi ya 600 walihesabiwa kuwa wamekufa, wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena, na zaidi ya 600,000 waliyahama makao yao. Serikali yetu ilipeleka unga wa mahindi, mahema, mablanketi, na helikopta za jeshi. Watu wengi walishukuru, wengine walinung'unika.

Mwaka ule ule maafa yalitufikia sisi. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua ilimeguka, na tope pamoja na mawe na magogo vikaushukia mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu 89 walikufa. Serikali iligharimia matibabu na mazishi, askari wakafukua tope, na baadaye zaidi ya nyumba 100 zikajengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makao. Je, watu wa Hanang walikufa kwa sababu unga ulikwenda Malawi? Sivyo. Unga hauzuii mlima. Lililohitajiwa pale ni kuujua mlima kabla haujameguka, na kuwaonya watu kabla ya mvua.

Sasa na tumtazame Yusufu. Twasoma kwamba katika ile miaka saba ya shibe alikusanya sehemu ya tano ya mavuno yote ya Misri, akaiweka katika miji, akiba ya kila mji kutoka katika mashamba yaliyouzunguka. Hapa pana fundisho la kwanza. Kazi kubwa ya Yusufu haikufanyika siku ya njaa, bali katika miaka ya shibe, wakati watu hawakuona haja. Sisi twagombana mlangoni mwa ghala tukiulizana nani apewe kwanza; Maandiko yatuuliza kwanza kama ghala limejaa. Wazee wetu walisema akiba haiozi, wakajenga vihenge. Mahali pasipokuwa na akiba, kila kipande apewacho jirani huonekana kama kimenyang'anywa mtoto. Lakini mahali palipojaa, mtoto hula na jirani hula.

Fundisho la pili ni utaratibu wa milango. Njaa ilipoingia Misri, Yusufu aliyafungua maghala akawauzia Wamisri. Kisha watu wa nchi nyingine wakaja kununua. Wenyeji hawakusahauliwa. Mtume Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:8, atuonya kwa ukali kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Kwa hiyo alalaye katika hema huko Hanang au Rufiji haki yake ni kubwa, wala haifai kumnyamazisha kwa kumwambia kwamba wako wenye shida kumpita yeye. Mtawala anayesifiwa ugenini kwa ukarimu wake, na huku nyumbani mjane hana paa, amekosa utaratibu. Lakini angalieni: Yusufu alianza na wenyeji, asifunge mlango baada yao. Kuanza nyumbani ni jambo moja. Kuishia nyumbani ni jambo jingine.

Fundisho la tatu ndilo la ajabu. Kati ya wageni waliokuja kutoka Kanaani walikuwamo watu kumi waliomwinamia Yusufu, naye akawatambua: ni ndugu zake, wana wa baba yake. Kama angeamuru kwamba ngano ya Misri ni ya Wamisri tu, angalimwua Yakobo baba yake kwa njaa. Nasi watu wa Ruvuma twalielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa wako Wangoni kama walivyo huku, na Wanyasa wana jamaa pande zote mbili. Ng'ambo ya mto Ruvuma wako Wayao na Wamakonde. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, kati ya mwaka wa 1964 na wa 1974, watu wa Msumbiji waliuvuka mto wakakaa kwetu kama wakimbizi. Mpaka uliochorwa na watawala wa kigeni haukukata damu.

Tena na tukumbuke kwamba sisi wenyewe huwa wageni mlangoni mwa wengine. Mwaka wa 2025 Serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, ikisema kwamba mali ya Wamarekani na iwafae Wamarekani kwanza. Ni neno lile lile tulisemalo sisi juu ya Malawi. Lakini liliposemwa na wengine, nasi tukiwa upande wa kupokea, lilikuwa chungu, maana huduma nyingi za wenye virusi vya UKIMWI katika nchi yetu zilikuwa zikitegemea fedha zile. Hapo twajifunza mambo mawili: tusiupige mlango usoni pa jirani, wala tusijenge nyumba yetu yote juu ya ghala la mtu mwingine.

Twasoma pia habari za Kanisa la Antiokia. Nabii Agabo alitabiri njaa kubwa itakayoenea ulimwenguni mwote. Antiokia nayo ilikuwa ndani ya ulimwengu huo. Wangaliweza kusema: Njaa yaja kwetu pia, na tukae na vyetu. Lakini waliazimu kuwapelekea ndugu wa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri alivyojaliwa. Angalieni neno hilo, kadiri. Paulo naye awaambia Wakorintho kwamba hataki wengine wapumzike nao wataabike, bali pawe na usawa, wingi wa leo wa hawa uwafae wale, na kesho wingi wa wale uwafae hawa.

Tena Paulo hakutosheka na kuchanga tu. Alituma ndugu waaminifu pamoja na mchango, ili mtu asipate neno la kuwalaumu. Hapa ndipo penye kidonda cha watu wetu. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 michango mingi ilikusanywa. Lakini ilielekezwa hasa katika shule na majengo ya umma, nao wengi walioangukiwa na nyumba walitarajia kwamba ingewajengea wao. Kujenga shule si kosa. Lakini mtoaji na mpewa wasipoambiwa tangu mwanzo mchango ni wa nini, uchungu huzaliwa, na siku nyingine mtu huufumba mkono wake. Mara nyingi anung'unikaye juu ya Malawi hamchukii Mmalawi. Amekosa kuona hesabu ya nyumbani.

Basi tufanye nini? Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo, afundisha kwamba tuombapo riziki ya kila siku twaomba pia serikali njema na majirani waaminifu. Aombaye na atende. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka wa 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia Taifa hata kijiji. Ulizeni katika mkutano wa kijiji: Kamati yetu ni akina nani? Imekutana lini? Imeona mabonde na miteremko ipi yenye hatari? Wazee wa kanisa, sadaka ya maafa ikikusanywa, tangazeni siku ile ile ni ya nani. Nayo ikifika, someni hesabu yake mbele ya usharika. Wainjilisti, fundisheni watu kuweka akiba wakati wa mavuno, kabla mahindi hayajauzwa yote kwa bei ya chini. Usharika ufanyao hivi utakuwa na haki ya kuidai Serikali hesabu, maana wenyewe hauifichi yake.

Ghala la Yusufu lilikuwa la nani? La Farao kwa muhuri, la Wamisri kwa jasho; lakini mvua na mbegu vilikuwa vya Mungu. Mwenye kujua hayo hawezi kumsahau aliye mlangoni mwake, wala hawezi kumfungia aliye ng'ambo ya ziwa.

Ee Bwana, wape watawala wetu akili ya Yusufu na uaminifu wa Paulo. Wafariji waliofiwa Hanang na Malawi. Na mikono yetu ifunguke kwa kadiri ulivyotujalia. Amina.