Hiari na Ukingo wa Mto

Ankoro, mkoani Tanganyika nchini Kongo, ndipo mto Luvua, utokao ziwa Mweru, unapoingia mto Lualaba, na katika nchi hii ya mito na ziwa Tanganyika kipindupindu hurudi mara kwa mara. Kila kinaporudi husemwa kwamba watu hawajaelimika. Naikataa lawama hiyo. Mama anayeteka maji mtoni anajua ugonjwa huu unaua. Ila kuchemsha maji kunataka kuni, kuni zinataka pesa au safari, na watoto wana kiu sasa hivi.

Kujua peke yake hakukutosha kwingineko pia: huko Busia, magharibi mwa Kenya, klorini ya kutia kwenye maji ya kunywa iliuzwa madukani kwa bei ndogo, watu wakaijua, na wachache mno wakaitumia. Watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, wakaweka tangi dogo la klorini palepale panapotekwa maji: bure, na ukifungua valvu yake inatoka dozi ya kutosha lita 20. Mwenyeji mmoja akapewa kazi ya kulijaza na kuwahimiza jirani zake. Zaidi ya nusu ya nyumba zikaanza kutia klorini. Bidoni ikitikisika njiani dawa inachanganyika, na wenzako kwenye foleni wanakuona umetia au umepita. Elimu ilikuwepo tangu zamani. Ilikuwa haijakaribishwa mahali pa kufanyia kazi.

Je, anayetia klorini kwa kuwa imewekwa mbele yake ametenda kwa hiari? Nasema ndiyo. Ukingo usio na klorini nao unamsukuma mtu, unamsukuma kuelekea ugonjwa, na hakuna anayeuita ukingo huo uhuru. Hakuna mahali pasipopangwa. Hata uzembe ni mpango. Swali la haki ni kama mpangaji anaweza kumweleza mteka maji alichokipanga, na mteka maji akaweza kukataa. Tangi la Busia lilikuwa wazi, na asiyetaka alipita. Kwa upande mwingine, huduma ya simu inayokukata salio kwa kitu usichoomba inatumia maarifa yaleyale ya tabia za watu, lakini inaishi kwa kujificha. Huo ni wizi.

Ninyi mnaopanga fedha za afya huko Kalemie, makao makuu ya mkoa, wekeni klorini ukingoni mwa Lualaba, na mtu wa kuijaza alipwe, kabla ya kuchapisha bango jingine.