Saratani Imehama Chumba, Haijahama Nyumba

Wewe unayetoka wakati wa matangazo, ukazunguka nyuma ya kanisa hadi chini ya mwembe, ukapiga pafu mbili tatu kisha ukarudi unatafuna pipi ya mnanaa: leo nazungumza nawe. Usifunge ukurasa huu. Sikuja kukuambia kwamba sigara ni mbaya, maana onyo hilo limechapwa kwenye paketi yenyewe nawe unalichana kwa kucha kila asubuhi. Nimekuja kuubomoa ule mlango wa nyuma unaokimbilia, unaposema: "Babu alivuta msokoto mkali. Mimi navuta nyepesi, tena za kichungi."

Ndugu yangu, saratani ya mapafu si moja. Ziko za namna nyingi, na kila moja ina chumba chake ndani ya kifua chako.

Iko ya seli bapa. Hii hupenda njia kubwa za hewa, katikati ya kifua, mahali ambapo moshi unapita kila siku kama malori kwenye barabara ya vumbi. Mungu aliweka humo vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyofagia uchafu kuupandisha juu ili tuukohoe. Moshi huvilemaza. Ufagio ukishakufa, utando laini wa ndani huanza kuota sugu kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, na ndani ya usugu huo, siku moja, seli moja huasi.

Iko ya seli ndogo, na hii naiogopa hata kuiandika. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, kama 15 ndio wanaoipata, na karibu wote ni watu wa sigara. Kumkuta asiyewahi kuvuta ni jambo la nadra. Haina subira. Mara nyingi ikigunduliwa kifuani imekwisha kupiga hodi kwenye ini, kwenye mifupa, kwenye ubongo. Hapo kisu cha upasuaji huwa hakina tena cha kukata.

Sasa tuje kwenye kichungi chako.

Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza walichokiona kwa wagonjwa wa hospitali za London: waliokuwa na saratani ya mapafu karibu wote walikuwa wavutaji. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na matokeo ya kazi yake yalimfanya aache. Watu wakaogopa. Watengenezaji nao hawakulala: wakamimina sokoni sigara za kichungi, kisha zile walizoziita nyepesi, zenye vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Dunia ikashusha pumzi.

Na hapo ndipo palipoharibika. Mwili uliozoea nikotini haukubali kupunjwa. Mvutaji wa sigara nyepesi alivuta kwa nguvu zaidi, akauzuia moshi ndani kwa muda zaidi, akaviziba vile vitundu kwa vidole bila hata kujua. Moshi uliokuwa ukiishia njia kuu ukafika sasa kwenye vichochoro vya mwisho vya pafu, huko pembezoni. Na huko kuna saratani ya tatu, iitwayo adenokasinoma, inayotokana na seli za kutoa ute. Hiyo ndiyo iliyoongezeka miaka yote ya kichungi hadi ikaipita ile ya seli bapa. Mwaka 2014 ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ilisema wazi kwamba kubadilika kwa sigara tangu miaka ya 1950 kumeongeza hatari ya adenokasinoma kwa wavutaji. Saratani ilihama chumba. Nyumba ni ile ile, na mwenye nyumba ni wewe!

Najua utakachonijibu. Utanitajia mama wa watu aliyeugua saratani ya mapafu na hakuwahi kushika sigara maishani. Ni kweli, wapo, na wengi wao huwa na hiyo hiyo adenokasinoma. Lakini umewahi kuuliza alilala nyumba moja na nani? Mwaka 1981 Takeshi Hirayama alionyesha huko Japani kwamba wanawake wasiovuta walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wenzao wa waume wasiovuta. Baba, unamtaja mke wa jirani kama kinga, na wako anafua mashati yako yananuka moshi.

Tena usiniambie unanunua moja moja, mbili tu kwa siku. Miaka ya kuvuta ina uzito kuliko idadi ya sigara. Mbili za kila siku kwa miaka 30 ni miaka 30.

Sisemi haya kama mtu msafi. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye bani la tumbaku la baba yangu kule Urambo, na harufu ile ya majani yakikauka naipenda mpaka leo. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Sikilizeni habari ya Evarts Graham, daktari wa upasuaji wa St. Louis. Mwaka 1933 alimtoa daktari mwenzake pafu zima lenye saratani, na mgonjwa akapona, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Graham alikuwa mvutaji mkubwa. Mwaka 1950, yeye na kijana Ernst Wynder, walichapisha Marekani ushahidi kama ule wa London. Graham akaacha sigara, lakini baada ya miongo mingi ya kuvuta, na mwaka 1957 saratani ya mapafu ikamuua. Yule mgonjwa wake alikuwa bado hai. Sisi vijiweni tunaombana, "Nipe pafu moja, kaka." Mwenye pafu moja aliishi kuliko daktari mwenye mawili.

Hujachelewa, usitumie kifo cha Graham kama kisingizio! Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza kuanzia 1951 hadi 2001. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijipatia wastani wa miaka 3 zaidi ya kuishi kuliko aliyeendelea kuvuta. Wa 50, miaka 6. Wa 40, miaka 9. Wa 30, miaka 10. Ukikaa miaka 10 bila kuvuta, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi kama nusu ya yule anayeendelea. Ile ya seli bapa na ya seli ndogo hurudi nyuma upesi. Adenokasinoma hukokota miguu, kwa hiyo kila mwaka unaosubiri unailisha. Na wewe mwenye kikohozi kisichokoma au makohozi yenye damu, ukimeza dawa za kifua kikuu bila nafuu, rudi hospitali ukapimwe tena. Kesho.

Jumapili ijayo, wakati wa matangazo, sitakuwa madhabahuni. Nitakuwa chini ya ule mwembe na ndoo ya maji. Lete paketi nzima, lete nusu, lete hata kile kipisi ulichokichomeka nyuma ya sikio.