Zimwi la Fedha Kidogo

Miongoni mwa mambo ambayo vijana huyapenda na wazee huyakemea zimo filamu za kutisha. Ningependa, msomaji, tuzungumze habari za aina moja ya filamu hizo, iliyo duni kuliko nyingine zote kwa gharama. Nazo ni zile zichanganyazo hofu na sayansi ya kubuni, zikasimulia wageni watokao sayari nyingine, wafu walioamshwa na mionzi, na mimea ilayo watu. Filamu hizi zilitengenezwa kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, kwa fedha kidogo na kwa haraka kubwa. Mpaka leo wako watu wazitazamao, lakini wengi wao huzitazama ili wazicheke. Swali langu ni hili: je, ni haki kuicheka kazi ya mtu aliyekosa mali? Na kama kiko kicheko kilicho haki, mpaka wake u wapi?

Kabla ya kuhukumu, heri tuusikilize ushahidi. Mwaka 1953 Phil Tucker alitoa filamu iitwayo Robot Monster. Hadithi yake ilihitaji mtu wa chuma kutoka anga za mbali, lakini fedha za kumtengeneza hazikuwapo. Akachukuliwa mchezaji aliyekuwa na vazi la sokwe, akavikwa kichwani kofia mfano wa ile ya mpiga mbizi, kisha watazamaji wakaambiwa kwamba huyo ndiye adui aliyeangamiza wanadamu wote isipokuwa wachache. Makao ya adui huyo ni pango, na mtambo wake wa ajabu hutoa mapovu. Mtu gani atatazama hayo asicheke?

Shahidi wa pili ni Ed Wood, aliyetengeneza filamu iitwayo Plan 9 from Outer Space. Mchezaji mashuhuri Bela Lugosi alikufa mwezi wa Agosti 1956, na Wood alikuwa na vipande vichache tu vya picha zake. Hakutaka kuvipoteza. Alivitia katika hadithi yake, kisha akamtafuta mtu mwingine asiyefanana na marehemu, akamwambia azunguke akijifunika uso kwa joho ili asitambulikane. Katika filamu hiyo mawe ya makaburi hutikisika watu wapitapo, kwa kuwa si mawe. Na katika tukio moja huwa usiku, mara mchana, mara usiku tena. Wood alikufa maskini mwezi wa Disemba 1978. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, walichapisha kitabu cha dhihaka ambamo Wood alipewa tuzo ya mwongozaji mbaya kuliko wote, na filamu yake ikaitwa mbaya kuliko zote. Watu walicheka sana. Lakini yule aliyechekwa alikuwa kaburini, hana kinywa cha kujitetea.

Sasa na tuulize, filamu hizi zina mvuto gani hata zikaishi baada ya nyingi zilizokuwa ghali kusahauliwa? Mimi naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba moyo wa mwanadamu hupenda hofu isiyo na hatari. Mtoto akirushwa juu na baba yake hupiga kelele, akidakwa husema, "Tena!" Anaijaribu hofu huku akijua kwamba mikono i chini yake. Mtazamaji wa filamu ya kutisha hufanya vivyo hivyo. Hutetemeka pamoja na wenzake, kisha taa huwashwa, akatoka akiwa mzima, na labda kidogo jasiri kuliko alipoingia.

Sababu ya pili ni kwamba umaskini wa chombo huacha nafasi kwa fikira. Sisi wa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Bibi aliposema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", hakuwa na taa za rangi wala vazi la zimwi. Alikuwa na sauti yake, na giza lilikuwa nyuma ya migongo ya wasikilizaji. Hata hivyo zimwi lilikuja, na kila mtoto aliliona kwa sura yake mwenyewe. Kwa hiyo haiwezi kuwa kweli kwamba kisicho na gharama hakina nguvu.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Filamu hizi, kwa ulimi wa kigugumizi, zilisema hofu ya kweli ya zama zake. Mwezi wa Agosti 1945 miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa kwa mabomu ya atomiki. Mwaka 1952 Marekani ililijaribu bomu la haidrojeni, lenye nguvu kupita hayo mara nyingi. Watu walikula na kulala wakijua kwamba elimu ya mwanadamu imekuwa na uwezo wa kummaliza mwanadamu. Sasa itazame tena filamu ya Wood iliyochekwa. Wageni wake wa angani wamekuja kuwazuia wanadamu wasigundue silaha itakayolipua mwanga wa jua na kuharibu ulimwengu wote. Itazame na ile ya Tucker. Lile sokwe lenye kofia limeamriwa na mkubwa wake limwue msichana, nalo laona ndani yake huruma ambayo haikuwamo katika amri. Lasumbuka kati ya wajibu na moyo. Swali hilo ndilo walilosumbuka nalo askari na majaji wa dunia yetu, nalo limewekwa katika kinywa cha sokwe wa kukodi. Vazi ni la kuchekesha. Swali si la kuchekesha.

Lakini mapenzi yasitufumbe macho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki haina maana ya kuzificha ila zake. Filamu hizi zina makosa, na baadhi ya makosa hayo hayakuletwa na umaskini.

Kosa moja ni udanganyifu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1955 ilitoka filamu iitwayo The Beast with a Million Eyes, maana yake mnyama mwenye macho milioni. Tangazo lake lilichorwa dude la kuogofya lililojaa macho. Mtu alilipa kiingilio, akaketi, akangoja, wala dude lile halikutokea. Aliambiwa tu kwamba macho hayo milioni ni ya ndege na wanyama ambao akili zao zimetawaliwa. Hapa aliyeonewa si mtengenezaji bali mtazamaji. Fedha zake zilikuwa halali, na ahadi aliyouziwa ilikuwa batili. Ukosefu wa mali haumpi mtu ruhusa ya kusema uongo.

Kosa jingine ni uvivu wa fikira. Katika nyingi za filamu hizi kila mgeni atokaye mbali ni adui, kila mwenye elimu kubwa ni mwenda wazimu, na kila mwanamke hana kazi ila kupiga mayowe na kubebwa. Kubadili fikira hizo kusingegharimu hata senti moja. Karatasi ni ileile, kalamu ni ileile. Na kosa hili ni zito kuliko kaburi litikisikalo, kwa sababu kaburi hilo halimdanganyi mtu, lakini kijana aliyezoea kuona kila mgeni ni zimwi anaweza kutoka nje akamtazama jirani yake kwa jicho hilohilo.

Basi, msomaji, tumefika penye njia panda. Upo umaskini wa mali, na upo umaskini wa fikira. Wa kwanza ni mkasa. Wa pili, mara nyingi, ni hiari. Tukiuchanganya mmoja na mwingine tutawaonea wengine na kuwasamehe wengine pasipo sababu.

Nitatoa ushahidi kwamba mambo haya mawili hayafungamani. Mwaka 1968 George Romero na wenzake, ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza matangazo ya biashara katika mji wa Pittsburgh, walitoa filamu iitwayo Night of the Living Dead. Iligharimu dola 114,000 hivi, kiasi kidogo mno kwa filamu. Ilipigwa bila rangi. Damu ionekanayo ilikuwa sharubati ya chokoleti. Wafu wake wanaamka, na sababu itajwayo ni mionzi ya chombo kilichorudi kutoka sayari ya Zuhura. Kwa maelezo haya ingekuwa moja tu ya zile za kuchekwa. Lakini mwenye kuongoza mapambano katika nyumba iliyozingirwa ni Duane Jones, mtu mweusi, shujaa mwenye akili na utulivu, katika nchi ambayo wakati ule haikuzoea kumwona mtu mweusi katika nafasi hiyo. Anaokoka usiku kucha na meno ya wafu. Asubuhi anauawa kwa risasi na watu hai waliokuja kuokoa. Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Filamu hiyo haikuwa na mali, lakini ilikuwa na jambo la kusema, nayo ililisema mpaka mwisho bila kuogopa.

Tena chombo duni kimekuwa chuo cha wengi. Roger Corman, aliyefariki mwaka 2024, alipiga sehemu kubwa ya The Little Shop of Horrors, hadithi ya mmea ulao watu iliyotoka mwaka 1960, kwa siku mbili tu. Chini yake walipata nafasi zao za mwanzo vijana kama Francis Ford Coppola, Martin Scorsese na James Cameron, ambao baadaye dunia nzima iliwajua. Lau wangaliambiwa wangoje mpaka wapate fedha nyingi ndipo waanze, huenda wangalikuwa wakingoja hata leo.

Utasema, "Basi tusicheke kabisa?" La, sikusema hivyo. Kicheko ni haki ya mwenye macho, na mtu atoaye kazi hadharani hana budi kuvumilia hadhara. Lakini viko vicheko viwili. Kimoja humcheka mtu aliyeanguka njiani huku mchekaji akimnyoshea mkono amwinue. Kingine hucheka kwa sababu mchekaji amejiona mrefu mbele ya aliyeanguka, ilhali yeye mwenyewe hajapata kutembea njia ile. Cha kwanza huiona kazi yote, kosa lake na jitihada yake. Cha pili huona kosa tu, tena hulihitaji, kwa kuwa ndilo chakula chake. Ndugu waliomtuza Wood walidhani wameizika kazi yake. Kumbe watu wengi walikwenda kuitazama, na baadhi yao wakaanza kumpenda mtu ambaye, bila fedha na bila kipawa kikubwa, hakukubali kuacha kufanya kazi.

Wewe, msomaji, huenda mwaka huu ukasimama jukwaani katika tamasha la maigizo la shule, ngome ya mfalme ikiwa ni makaratasi na taji lake likiwa ni bati. Au utaketi kitini na kuwatazama wenzako wakifanya hivyo. Ukiwa juu ya jukwaa, usiombe msamaha kwa ajili ya bati. Jiulize kama mfalme wako ana neno la kweli la kusema, na kama umefanya yote yaliyowezekana bila fedha. Maana umaskini ni udhuru wa taji, si udhuru wa maneno uliyoshindwa kujifunza. Na ukiwa kitini, cheka taji likianguka, lakini liache sikio lako wazi. Usipime kazi kwa gharama yake, wala usiisamehe kwa gharama yake. Ipime kwa ukweli uliomo, na kwa bidii iliyotiwa mahali ambapo fedha hazikuhitajiwa. Kipimo hicho kinamfaa tajiri na maskini sawasawa, na siku moja kitatumika juu yako.