Je, Chembe ya Mwili wa Mtu ni ya Nani?

Chini ya ubongo wa kila mtu Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo iitwayo pituitari. Ukubwa wake haupiti harage, lakini ndiyo itoayo homoni ya kukua. Mtoto akipungukiwa na homoni hiyo hubaki mfupi, hata akila vizuri.

Tangu mwaka 1958 madaktari waliweza kumsaidia mtoto wa namna hiyo. Dawa ilitoka wapi? Ilitoka katika tezi za maiti. Mwaka 1985 ikaonekana ya kuwa wengine waliodungwa dawa ile walipatwa na ugonjwa wa ubongo usioponyeka, uliotoka kwa wafu wale. Dawa ikaachwa, na mwaka ule ule Marekani ikaruhusu homoni iliyotengenezwa kwa bakteria. Siku hizi wataalamu hukuza chembe hai za watu katika vyombo vya maabara, wapate kujua mwili unavyokua.

Jambo hili si la mbali. Ndugu zetu Waefe wa msitu wa Ituri ni watu wafupi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani walitafuta sababu yake. Walitumia chembe za damu zilizotoka kwa Waefe, zilizogeuzwa ili ziendelee kuzaana bila kufa. Wakaona ya kuwa chembe zile zaitikia kidogo tu homoni inayoziamuru kukua. Hivyo watu wa msituni wakawa walimu wa madaktari.

Sasa tuulize: chembe ile ni ya nani? Mmoja atajibu: «Ni ya mtaalamu, maana damu hurudi, mwenyewe hakupoteza kitu.» Mwingine atasema: «Ni mtu yule yule, isiguswe kabisa.» Wote wawili wamekosea. Chembe haina roho ya mtu. Lakini imetoka kwa mtu, naye Mungu amemkabidhi mwili wake autunze. Baba Mtakatifu Pio XII alifundisha mwaka 1952 ya kuwa faida ya elimu, hata ikiwa kubwa, haimpi daktari ruhusa ya kumtendea mgonjwa lolote apendalo.

Mwaka 1951, mjini Baltimore, mama mmoja, Henrietta Lacks, alikufa kwa kansa. Chembe zake zilichukuliwa pasipo yeye kuulizwa, nazo zaishi mpaka leo katika maabara za dunia nzima. Zimewafaa wagonjwa wengi sana. Je, faida hiyo yaondoa kosa? Hapana. Pengine angeulizwa angekubali kwa furaha. Lakini hakupewa nafasi ya kutenda tendo hilo la upendo. Hakunyang'anywa chembe tu, alinyang'anywa sadaka yake.

Wahenga husema: Kutoa ni moyo, si utajiri. Na moyo hauwezi kutoa usichokijua. Ndiyo sababu Kanisa lakataa pia chembe zipatikanazo kwa kuua mimba changa: kiumbe kile hakitoi, chauawa.

Basi tufanyeje? Daktari akija hapa Kasongo au Kabambare kuomba damu ya uchunguzi, tusimkimbie kama mchawi. Tumwulize: Yaenda wapi? Kwa kazi gani? Itawekwa muda gani? Nani atapata dawa itakayotoka humo? Akijibu kweli, tutoe kwa hiari, maana mtoto asiyekua, hata wa nchi tusiyoijua, ni jirani yetu. Akificha, tumkatalie bila hofu. Maskini wa msituni naye amekabidhiwa mwili wake na Mungu, wala si na mtaalamu.