Jongo, Nyama Choma na Swali la Hatia

Karibu na vichinjio vya Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, bucha hazikosi wateja. Mbavu hupimwa kwenye mizani, zikapelekwa makaani. Zikiiva huletwa juu ya ubao na kukatwakatwa mbele ya mlaji, pamoja na rundo la chumvi, ugali na kachumbari. Wengine hutangulia na supu ya mifupa, wakamalizia na mutura. Mara nyingine mezani huwapo mmoja aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili, kwa kuwa kidole gumba kimevimba, kimekuwa chekundu na hakistahimili hata kuguswa na shuka. Wenzake hawangoji daktari. Hukumu hutoka papo hapo: “Mzee, hizo ni nyama zako zinakudai.”

Ugonjwa huo ni jongo, ambao wakazi wengi wa jiji huuita gauti. Asidi ya yuriki ikizidi katika damu huweza kugeuka fuwele zenye ncha kama sindano, zikatua kwenye viungo. Usipotibiwa, mashambulizi hurudi, na maumivu ya wiki moja huwa maumivu ya miaka.

Lakini ile hukumu ya mezani ina uzito zaidi kuliko nyama yenyewe. Inadai kwamba anayeumia amejitakia. Hapo mjadala umekwisha kutoka jikoni na kuingia katika swali la kale la dini: je, maumivu ni malipo ya kosa?

Katikati ya jiji swali hilo halijapoa. Saa ya chakula cha mchana, wahubiri husimama katika bustani ya Jeevanjee, iliyoanzishwa mwaka 1906, na si ajabu kusikia dhambi na ugonjwa vikitajwa kwa pumzi moja. Hata hivyo Biblia wanayoishika ina sura ya 9 ya Injili ya Yohana, ambapo wanafunzi wanamwuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa majibu yote mawili. Biblia hiyo ina pia habari za Asa, mfalme wa Yuda, aliyeugua miguu uzeeni. Marabi wa Talmudi walisema ugonjwa wake ulikuwa jongo. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinamlaumu kwa kuwategemea waganga bila kumtafuta Mungu. Alichokuwa akila hakikutajwa popote.

Vipi kuhusu sayansi? Ushahidi dhidi ya nyama upo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi zaidi walipatwa na jongo kwa takriban asilimia 41 zaidi kuliko waliokula kidogo kabisa. Maini, figo na nyama nyekundu zina purini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki. Bia huongeza asidi hiyo na papo hapo huzuia figo kuitoa, na soda yenye sukari nayo imo kwenye orodha. Aliyekwisha kuugua anaweza kuamsha shambulio kwa karamu ya siku moja.

Mshtakiwa mmoja, hata hivyo, anastahili kuachiwa huru: maharagwe. Wagonjwa wengi huambiwa waache githeri, chakula cha mahindi na maharagwe, ilhali utafiti huohuo haukuona mboga na kunde zenye purini zikiongeza hatari.

Kisha mwaka 2018 jarida la BMJ lilitoa uchambuzi wa takwimu za Wamarekani 16,760 wenye asili ya Ulaya. Tofauti za kiwango cha asidi ya yuriki kati ya mtu na mtu zilielezwa na kila chakula, kikipimwa peke yake, kwa chini ya asilimia 1. Urithi wa jeni za kawaida ulieleza karibu asilimia 24. Ndiyo maana wawili hula ubao mmoja miaka 20, mmoja akachechemea na mwingine akacheza mpira. Wanafunzi wa Yesu hawakukosea kuwataja wazazi. Walikosea kudhani kwamba kurithi ni kutenda dhambi.

Basi chakula kina nafasi gani? Dini zenyewe zimeonyesha njia. Hatua chache kutoka bustani ya Jeevanjee uko Msikiti wa Jamia, ambako kila Ramadhani husomwa aya za sura ya Al-Baqara zinazomruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona humlisha maskini kwa kila siku. Kwa Wakatoliki, sheria ya kufunga huwahusu walio na miaka 18 hadi wanapotimiza 59, na wagonjwa husamehewa. Sheria ya chakula inalegea mwili unapoumia. Wanaomhukumu mgonjwa mezani hufanya kinyume: humwongezea mzigo siku ile ile anaposhindwa kutembea.

Kupunguza nyama, bia na soda ni busara, na kunywa maji ya kutosha pia. Anayetaka kufunga azungumze kwanza na daktari, maana kukaa bila maji kunaweza kuamsha maumivu. Lakini lishe peke yake mara nyingi haitoshi kuishusha asidi ya yuriki hadi kiwango kinacholengwa, yaani chini ya mikromoli 360 kwa lita. Ipo dawa ya alopurinoli, inayotumika tangu miaka ya 1960, na mgonjwa anaweza kulazimika kuimeza miaka mingi. Wengi huchelewa kuiomba kwa sababu wanaona aibu kupeleka hospitalini ugonjwa walioambiwa ni ulafi. Aliye na rafiki anayevaa ndala mguu mmoja na asimwulize amekula nini. Amsindikize kliniki akapimwe damu.